Sifuri ya Mbele

Mjukuu wangu Rajabu,

Huku Lobule tumeamka, ila shangazi yako Hawa bado anakohoa. Mihogo imeshika.

Unauliza kama programu mnayoitengeneza itawahi kuitwa 1.0, maana baada ya 0.9 wakubwa wako wameandika 0.10. Umenieleza kuwa sifuri ya mbele ni kusema kazi haijakamilika. Nimeelewa upesi, kwa sababu ya baba yangu.

Vita ilipotufukuza Koboko, aling'oa mlango wa nyumba yetu akaubeba kichwani hadi Zaire. Kibanda cha kwanza kilioza, tukajenga cha pili, kisha cha tatu, kila kimoja bora kuliko kilichotangulia. Mlango ulibaki umeegemezwa ukutani. Mama alipomwomba autie kwenye kibanda, alijibu, "Hii iko ya kungoja tu. Nyumba iko Koboko." Mvua iliingia, tukalala nayo.

Hiyo 1.0 itakuwa lini, mjukuu wangu, sijui. Baba alifia katika kibanda cha nne. Msikiti ulikuwa mbali, jeneza halikupatikana, tukambeba hadi kaburini juu ya ule mlango.

Nyanya yako,
Zainabu