Niliwaambia Wafiwa "Karibuni Tena"

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana nimeharibu na sijui nianzie wapi.

Nina miaka hamsini na moja, nakaa Goba, na kwa miaka kumi na tisa nilifanya kazi kampuni ya bima mjini, kitengo cha huduma kwa wateja, na mke wangu Felicitas alikuwa nyumbani akikodisha viti na maturubai kwa harusi na misiba, kila kiti kakitia doa la rangi ya kucha kwa chini kisipotee, na akipeleka viti msibani alikuwaga anabaki kuosha masufuria na wenzake mpaka jioni, mimi namlalamikia kwamba anachelewa, basi mwaka jana akafariki, nikarudi kazini baada ya wiki mbili, bosi akanisikiliza nikipokea simu akasema, "Elibariki, tabasamu, mteja anasikia," nikashindwa, nikaacha kazi nikashika viti vya mke wangu.

Nikasema nitaboresha. Nikashona fulana zenye nembo, nikachapisha fomu za maoni, na Mashaka, anayebeba viti hivi tangu enzi za mke wangu, nikamvalisha beji na kumfundisha kusema, "Naitwa Mashaka, nikuhudumie nini leo?"

Akaniuliza, "Bosi, hata msibani?"

Nikamwambia hasa msibani, ndiko kwenye ushindani.

Mwezi huu jirani yangu Mzee Mwinjuma kafiwa na mama yake, na siku ya kuondoa viti nikamkabidhi fomu mbele ya watu, akavaa miwani akasoma kwa sauti, "Umeridhika kiasi gani na shughuli yako? Unatarajia kutuhitaji tena lini?" Chini niliandika Karibuni Tena.

Akanitazama. "Tena? Kwani wewe una orodha? Nani anafuata hapa, mie?"

Mdogo wake akadakia, "Kaka usijaze, ukijaza umesaini."

Watu wakacheka, nikadhani wameridhika. Sasa mtaa mzima wanakodi viti Mbweni, jirani mmoja mwenye homa kaniona napita kafunga mlango, Mashaka kasema mkewe hataki ile fulana ndani ya nyumba, na bosi wa zamani kapiga simu kwamba nafasi yangu ipo mpaka Jumatatu. Niuze viti vya Felicitas nirudi ofisini, au nibaki na watu wanaonikimbia?

Elibariki, Goba

Elibariki, pole sana kwa kuondokewa na Felicitas. Hiyo ni pole tupu, haina fomu.

Sasa nikugombeze. Ushindani msibani unashindana na nani, na Izraili? Ulikimbia ofisi kwa sababu ulilazimishwa kutabasamu ukiwa na majonzi, halafu ukaibeba ofisi hiyo hiyo mgongoni ukaishusha kwenye matanga ya jirani. Maskini Mashaka na beji yake. Ulimlalamikia mkeo kwa kuchelewa, kumbe yale masufuria ndiyo yaliyokuwa biashara. Watu hawakuwa wanakodi viti, walikuwa wanamwita Felicitas, na viti vinamfuata.

Kazini usirudi. Mpigie bosi leo, usingoje Jumatatu, umwambie nafasi ampe mtu mwingine. Fulana zifanye matambara, na fomu mpe muuza karanga afungie.

Kesho, watu wakishaswali alasiri, nenda kwa Mzee Mwinjuma peke yako. Mpe shikamoo, sema umekosa, kisha nyamaza. Usieleze ulikuwa na nia gani. Atakutania mbele ya wajukuu, na huyo mdogo wake atakutania zaidi. Kaa utaniwe, ndiyo adhabu yako na ni nafuu.

Arobaini ya mama yake inakaribia. Muombe akuruhusu ulete viti, bila malipo, uvipange kwa mikono yako, na dua ikisomwa kaa na wanaume wenzako. Usimamizi uache nyumbani. Watu wakishakula, nenda uani ukaoshe masufuria. Wanawake watakucheka. Osha.

Kisha beba viti vyako uondoke kimya. Atakayekuhitaji atakuita mwenyewe, na siku akikuita, nakuomba, usimshukuru kwa kuchagua huduma zako.

Bi Hamisa