Kwa Bi Kavata, Ambaye Hakufika kwa Kadhi

Bi Kavata,

Siku ya kesi ilifika na wewe hukuwepo. Ulikuwa na siku sita tangu uzikwe kwenu Ukambani, na mimi sikuweza kuja. Nilipanda boti ya asubuhi kutoka Mbwajumali hadi mjini Amu na jirani yangu Bi Nuru, mwanangu Salma nimempakata. Ana miaka mitatu sasa, na mdomo wake haupumziki. Akaniuliza, "Bi Kavata tutamkuta?" Nikamwambia hapana. Akauliza tena. Nikajifunika uso kwa buibui.

Unajua alichotaka Athumani, babake. Tangu aniache alisema mama mwenda wazimu hana haki ya kulea. Wewe ndiye afisa wa ustawi wa jamii uliyekuwa ukinitembelea tangu nilipougua, na wewe ndiye uliyekuwa usimame mbele ya Kadhi ueleze hali yangu. Ripoti yako hukuimaliza. Presha ikakuchukua.

Siku moja kabla ya safari, ami yangu alikuja nyumbani. "Mwanakheri," akasema, "mambo yamekuwa mepesi. Yule mtu wa bara hayupo tena, hakuna wa kusema. Wewe kana. Sema ni jicho la watu, ukasomewa, ukapona."

Sikufichi, nilivutika. Nani angenibishia?

Lakini nikakumbuka siku ya kwanza ulipokuja. Salma alikuwa na wiki tano. Mimi nilikuwa nikisikia watu wakinong'ona ndani ya ukuta, na Athumani alikuwa amenifunga mguu kwa kamba kitandani. Mlangoni watu wa nyumba wote walikuwa wakikuhadithia habari zangu kana kwamba mimi ni gunia. Ukawapita, ukavua viatu, ukakaa sakafuni, ukaniuliza mimi mwenyewe, "Umekula nini leo?" Nilikuwa sijala. Ukaanza na uji. Kisha ukabishana na Athumani mpaka kamba ikafunguliwa, ukatupeleka hospitali Amu mimi na mwana, ukarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Wakasema umetumwa kutubadilisha dini. Wewe ukaja tu, na Kiswahili chako cha Kitui, sisi tukikucheka na wewe ukicheka nasi.

Ningekanaje? Ningekuwa nimekukana wewe.

Basi mbele ya Kadhi, mama yake Athumani alianza kabla ya kuulizwa. "Sheikh, mwana tumwatie mwenda wazimu amlee?" Kadhi akamnyamazisha, akanigeukia. Je, ni kweli niliugua?

"Ni kweli, sheikh. Niliugua baada ya kujifungua, na mpaka leo natumia dawa. Hizi hapa." Nikaziweka mezani. Ami, aliyekuja kusikiliza, akashika kichwa. Athumani akatabasamu.

"Na shahidi wako ni nani?"

Nikasema, "Amekufa." Bi Kavata, nililia mbele za watu, na nilijua kila chozi litahesabiwa kuwa ni wazimu. Nikalia hivyo hivyo. Kisha nikatoa daftari langu la kliniki, ambamo kila ulipokuja uliandika kwa mkono wako: amelala vizuri, ananyonyesha, amerudi kushona. Kadhi akasoma kurasa zote, moja baada ya nyingine.

Akafunga daftari. "Na ukiugua tena, mwana atakuwa wapi?"

Swali lile! Ulinikalisha siku nzima tukitafuta jibu lake, nikakununia, nikidhani waniombea mabaya. Sasa nikamjibu bila kusita. Nikikosa usingizi siku mbili, namwambia Bi Nuru. Salma anahamia kwake. Kaka yangu ananipeleka hospitali. Nikitengemaa, mwana anarudi. Bi Nuru akasimama, hakuitwa: "Ni kweli, sheikh. Na godoro lake liko kwangu."

Kadhi akamtazama Athumani. "Na wewe ukiugua?"

Athumani akamtazama mamake. Mamake akatazama chini.

Nimebaki na mwanangu. Babake anamwona kila Ijumaa, wala simzuii.

Ami hasemi nami tangu siku hiyo. Ati nimeiaibisha nyumba. Yeye ana sukari, na sindano yake anajidunga barazani, watu wakimpa pole. Nami sasa kidonge changu nakimeza pale pale barazani, mchana kweupe. Anayetaka kutazama na atazame.

Wengine wamenikataza kukuombea kwa kuwa hukuwa wa dini yetu. Wao na elimu yao. Mimi nakutaja kila nimalizapo kusali, na sikuomba ruhusa ya mtu.

Lakini kiti chako ki tupu. Kuna msichana hapa kijijini amefungiwa chumbani tangu mwezi uliopita. Nakwenda, nakaa mlangoni, tunazungumza mbao zikiwa kati yetu. Lakini mimi si wewe. Siwezi kuandika barua ya kumpeleka hospitali, wala kumkabili baba yake na chifu kwa pamoja na wakanisikiliza. Hiyo ni kazi, na ina watu walioisomea. Nimekwenda ofisini kwenu mara mbili kuuliza nani anakuja badala yako. Mara ya kwanza wakasema barua imeandikwa. Mara ya pili wakasema niwe na subira.

Lala salama, dadangu. Ulinifungua mguu, na sitausahau mkono wako. Nakuahidi dawa sitaacha, na mdomo sitafunga. Jumanne naenda tena kule ofisini, na mama yake yule msichana amekubali kufuatana nami. Wakituambia tusubiri, tutasubiri hapo hapo mlangoni pao, mpaka atoke mtu.

Mwanakheri wako