Tumbo Halina Sabuni

Jumatatu, 4 Machi
Vidonge vipya vya kifafa vimefika maabara. Hongera kiwanda chetu! Unga wa bei poa, chembe kubwa kama chumvi ya mawe. Kazi yangu ni moja: natumbukiza kidonge kwenye maji yenye joto la mwili, mashine inakoroga, nangoja kiyeyuke. Saa nzima. Kidonge kimekaa chini kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula. Nikajaribu vingine. Ndugu zake, tabia ileile.

Dawa isiyoyeyuka haiingii kwenye damu. Inapita mlango wa mbele, inatokea wa nyuma, mgonjwa anabaki na kumbukumbu ya kumeza.

Jumanne, 5 Machi
Bosi kaja mwenyewe, manukato mbele, yeye nyuma. Anasema tatizo si kidonge, tatizo ni maji. Maji! Nitie sabuni kidogo ya maabara, kitalainika tu. Nikamwambia kanuni ya kidonge hiki inataka maji matupu. Akasema nisiwe mgumu kama kidonge chenyewe — akacheka peke yake. Nikamuuliza ni tumbo la nani lenye sabuni. Hapo hakucheka. Akasema wenye vyeti kama vyangu wamejaa getini.

Jioni Kitinda, mdogo wangu wa mwisho, kapika kwa mbwembwe. Daktari kamruhusu kujifunza kuendesha gari! Miaka miwili kifafa hakijamwangusha. Kovu la mara ya mwisho bado liko kidevuni, alianguka jikoni na sufuria mkononi. Dawa zake, za kampuni nyingine, anameza asubuhi na jioni bila kukumbushwa. Sikumharibia furaha kwa hadithi za kazini.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetia sabuni.

Kimeyeyuka vizuri sana, kama kimeona haya. Nikaandika: kimefaulu. Bosi kanipiga bega, eti sasa nimekuwa mtu mzima. Asante, baba. Ajira imepona.

Jumapili, 24 Machi
Leo Kitinda anaendesha barabara kuu kwa mara ya kwanza. Kaamka kabla ya jogoo, anaimba. Nimekaa kunywa chai, naona boksi la dawa mezani. Nembo yetu. Rangi zetu.

"Dada, si nimekuunga mkono? Zile za zamani ziliisha dukani, nikachukua za kwenu. Tangu Jumatano nameza."

Anasema jana mkono ulimrukaruka kidogo, lakini ni uoga wa gari tu. Uoga wa gari!

Nikatia kimoja kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Bila sabuni. Chai nimemaliza, kikombe nimeosha, kidonge kipo. Hata ukingo haujalegea. Mama alikuwa akisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nimekwenda mbali zaidi, nimeficha maradhi ya dawa.

Mwalimu wake anapiga honi nje. Nikisema neno moja, lazima niseme yote. Naogopa. Kalamu ndiyo inayobwabwaja. Kitinda anatafuta kiatu cha kushoto: chini ya kochi, nyuma ya mlango. Ananitania, hata Jumapili naandika ripoti?

Honi tena.

Kiatu nimekikalia.

"Dada, hebu inuka."