Kwa Aline, Kuhusu Regulata ya Kaka Yako

Murubona,
Kasulu.
9 Julai 2024

Mpendwa mpwa wangu Aline,

Mwakeye, mwanangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nungwi, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha. Usizame ukiwa na mafua. Masikio hayana vipuri. Sisi huku tu wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali, vumbi jekundu limeingia hadi kwenye masufuria, na mgongo wangu hunikumbusha umri kila ninapoinama kufunga viatu.

Nimefurahi mno kusikia kwamba umepata cheti cha kwanza cha kuzamia, na kwamba baadaye unataka kujifunza kwenda kina kirefu, kule kunakohitaji mitungi zaidi ya mmoja na hewa ya kuchanganya. Umeniuliza ununue vifaa gani, kwa kuwa kabla ya kufundisha fizikia nilizama miaka kadhaa na watafiti wa samaki pale Kigoma. Umeniomba pia nikutumie regulata ya marehemu kaka yako, ile aliyokuwa akivutia hewa kutoka kwenye mtungi. Nianze na lile jepesi.

Miwani ya kuzamia usichague kwa rangi. Iweke usoni bila kuvuta mkanda nyuma, vuta hewa kwa pua, kisha inamisha kichwa. Ikibaki usoni, inakufaa. Ikidondoka, mrudishie muuzaji hata akikusifia kiasi gani. Mapezi ya kuvaa miguuni yawe magumu kidogo kuliko unavyopenda sasa, maana mzigo wako utaongezeka.

Jaketi la kuelea lenye mifuko mingi liache. Baada ya mwaka utalitupa. Tafuta bamba la chuma la kuvaa mgongoni, mikanda yake, na puto linalofungwa nyuma ya bamba hilo. Leo litabeba mtungi mmoja. Ukikomaa utabadilisha puto tu na kubeba miwili. Regulata iwe ya kuskrubu ndani ya vali ya mtungi, si ile ya kubana kwa juu, kwa sababu ya kuskrubu haibanduki kirahisi ukijigonga kwenye mwamba. Na kompyuta ya mkononi, ile inayokuonyesha kina na muda, nunua inayokubali hewa ya kuchanganya, hata kama leo hutaitumia hivyo.

Nikitaja jaketi nalikumbuka la kaka yako Sylvesta. Hukuweza kuja kumaliza matanga, basi hujui yaliyotokea. Wazee walikaa wakagawa vifaa vyake kama zinavyogawiwa nguo za marehemu, kila mmoja kipande chake. Hakuna aliyejua kwamba vile ni kitu kimoja. Mapezi yalikwenda upande wa baba yako, Nyabibuye. Jaketi alipewa Niyibizi, mtoto wa mama yako mdogo, naye hulivaa kwenye bodaboda kujikinga na baridi ya Kakonko. Abiria humtania kwamba anasubiri mafuriko.

Mwezi uliopita alinijia amelishika mkononi. "Mjomba, hili jaketi limenikumbatia! Nipo njiani peke yangu, likaanza kunibana kifuani taratibu." Nilimweleza kwamba hewa iliyobaki ndani hutanuka ikipata joto la jua. Akanitazama, akakubali. "Ego, mjomba. Lakini kulikuwa na ukungu, hata taa nilikuwa nimewasha."

Regulata, pamoja na mtungi wake, alipewa mama yako. Unajua kwamba Sylvesta alipopatikana ziwani mtungi ulikuwa na hewa ya kutosha kumrudisha juu. Kwa nini aliitoa regulata mdomoni hatukujua, na hatutajua. Dada yangu Rosa aliusimamisha mtungi huo kwenye kona ya chumba chake, pale Kibondo. Niyibizi akamwonyesha vali inavyofunguliwa, na tangu hapo, akirudi shamba, huifungua, akaketi mkekani kusikiliza.

Niliposikia nilikwenda. Rosa alinikaribisha, akafungua vali, akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze. Kimya kidogo, kisha ile sehemu ya mdomoni ikatoa pumzi fupi. Kimya. Pumzi nyingine. Nywele zilinisimama, Aline, nami nimefundisha mgandamizo wa hewa maisha yangu yote.

Nilimweleza kwa upole. Regulata ina sehemu mbili. Ile ya kwenye mtungi hupunguza nguvu ya hewa. Ile ya mdomoni humpa mzamiaji kiasi anachovuta. Kizibo kidogo cha ile ya kwanza kikichakaa, hewa hupenya polepole hadi ile ya pili inashindwa kuizuia, inaachia kidogo, halafu inajaa tena. Ndiyo maana inasikika kama mtu. Ni ubovu, nikamwambia, na fundi akibadilisha kizibo hicho itanyamaza.

"Basi fundi asiiguse," akasema. "Hiyo ni hewa ambayo hakuimaliza. Mwache amalizie."

Ungesema nini?

Wiki iliyopita alinipigia. Alikuwa amesikia kwamba unaitaka regulata, na amefurahi kuliko nilivyotarajia. Alikwisha kuandaa kitenge cha kuifungia ili iende na basi. "Mpelekee Aline, kaka. Azame na ndugu yake. Huko chini asiwe peke yake." Sikupenda namna alivyolisema hilo. Nilipanda gari siku ileile nikaichukua, nikamwahidi kwamba mimi ndiye nitakayeituma.

Kabla ya kuondoka nilitazama geji. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Nilifungua vali hadi mwisho. Haikutoka hewa yoyote. Nikaiskrubua regulata kutoka kwenye mtungi, nikaifunga kifuniko chake, nikaiweka ndani ya kitenge. Rosa akasema, "Sikia."

Nilisikia, mwanangu. Nilidhani ni masikio yangu ya uzeeni. Lakini sasa iko juu ya meza hii ninayoandikia, ni alasiri, madirisha nimeyafunga, na kitenge kinapanda kidogo na kushuka. Nimeziba mpira wake wa mdomoni kwa kidole gumba. Kikaendelea. Nimefikiria joto, upepo, panya, na kutetemeka kwa mikono yangu. Kila sababu niliijaribu, nikaiacha.

Kwa hiyo sitaituma. Mama yako nitamwambia mwenyewe, na akinikasirikia, anikasirikie mimi. Wewe nunua mpya, iwe yako tangu siku ya kwanza, na ipeleke kwa fundi kila mwaka. Kinachopumua kwenye meza yangu sijui ni nini, na kitu nisichoweza kukueleza siwezi kukutia mdomoni.

Nisalimie Swaumu, mwenzako wa chumba, na mwalimu wako wa kuzamia. Mama yako, Niyibizi na shangazi Manirambona wanakusalimu. Mungu akushushe salama na akupandishe salama, kila mara.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Nestori Nduwayezu