Nguzo Ndefu Kuliko Zote

6 Februari

Kwa shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mimi ni mzima, dada yako ni mzima na mdomo wake ni mzima zaidi, na watoto wanakula kama mchwa. Wasiwasi wetu ni kwako tu, uliyetuacha ukaenda kuwafundisha walimu wa watu takwimu. Unakula? Unalala? Dada yako anasema ukikonda lawama ni zangu, ingawa sijui nimeingiaje hapo.

Sasa shida yangu. Unakijua chumba changu cha kusomea pale shuleni, kile cha mwisho kwenye korido, chenye rafu nilizozipigilia misumari mwenyewe. Mwalimu mkuu anataka kukigeuza stoo ya madawati mabovu. Anasema wanafunzi hawaingii, hawataki kusoma. Nilipobisha, aliniambia mbele ya walimu wenzangu, "Basi tuletee data." Siku hizi hiyo data imekuwa kama chumvi, kila chungu lazima itiwe. Mkutano wa wazazi wa mwisho wa muhula ndio utakaoamua.

Shemeji, chumba kile ni roho yangu. Nimekisimamia kwa utaratibu miaka yote: hakuna mwanafunzi anayetoka kabla ya kusimama mbele yangu na kueleza alichosoma, kwa sentensi kamili. Kikifungwa sijui nitafanya nini na nafsi yangu saa za mapumziko. Nifundishe mambo yenu, nami niwafundishe watoto wangu wa kidato cha pili. Fanya hima, maji yamenifika shingoni.

Ni mimi shemeji yako,
Mwalimu wa Jiografia


11 Februari

Shemeji,

Barua yako imenikuta mzima, ila mafua kidogo. Mwambie dada sijakonda, sketi zangu ni mashahidi. Goti lako linaendeleaje? Bado unalisingizia mvua?

Nimefurahi umeniuliza, maana mwaka jana uliniambia takwimu ni kazi ya watu wasioweza kusoma ramani. Sikusahau, ila nimesamehe.

Anzeni na swali, tena swali ambalo hamjui jibu lake. Walimu ninaowafundisha huku wanapenda kuchora grafu za rangi kabla hawajauliza chochote. Ni kama fundi anayepaka rangi ukuta usiojengwa. Kisha waache watoto waulize wenyewe, wahesabu wenyewe na wachore wenyewe. Wewe kazi yako ni kuuliza, "Umejuaje?" Wakikosea, waache wagundue. Najua kukaa kimya ni mtihani kwako, lakini jaribu.

Wasalimie wapwa zangu.

Shemeji yako wa takwimu


3 Machi

Kwa shemeji yangu, mwalimu wa walimu,

Habari za huko? Mafua yameisha? Sisi huku tu wazima, na goti langu limepona kwa furaha.

Tumemaliza. Tumeshinda. Watoto walikaa chumbani na karatasi zao wiki nzima, kila anayeingia wakamuuliza: "Je, unapenda kuja kwenye chumba cha kusomea?" Wakahesabu, wakachora duara, wakalipaka rangi ya kijani. Duara zima ni kijani, shemeji. Asilimia mia moja. Sijawahi kuona mchoro mzuri kama ule. Nimeubandika juu ya meza yangu na kila mwalimu anayepita namwita aone.

Kuna msichana darasani kwangu, wenzake wanamwita Wakili kwa ubishi wake. Alinyoosha mkono akitaka kusema neno juu ya duara letu. Nikamwambia leo ni siku ya kushangilia, ubishi tuuweke kesho.

Ahsante sana. Mwalimu mkuu atatafuta stoo kwingine.

Shemeji yako mshindi,
Mwalimu wa Jiografia


8 Machi

Shemeji mshindi,

Mimi sijambo, na nawaombea nyote uzima. Nimeisoma barua yako ofisini nikacheka hadi mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimeletewa posa.

Mliwauliza wapi? Chumbani. Yaani mmewauliza waliokuja kama wanapenda kuja. Ni sawa na kuwauliza waliokaa mezani kama wanataka kula. Mwalimu mkuu akiliona duara hilo atalikunja mara mbili na kulifanya kipepeo cha kujipepea. Jibu mnalolitafuta wanalo wasioingia, nao wako nje. Nina hakika hilo ndilo Wakili alitaka kusema, kama ungemwacha.

Msikate tamaa. Andikeni majina ya wanafunzi wote wa shule kwenye vipande vya karatasi, vitieni ndani ya ndoo, vikorogeni, halafu mvute bila kuchagua. Atakayetoka ndiye mmfuate popote alipo, hata kama ni mtukutu mnayemkwepa. Muulizeni kama anaingia chumbani, na kama haingii, kwa nini. Jina lake msiliandike, ili aseme kweli.

Shemeji yako anayekupenda, ingawa anacheka


23 Machi

Shemeji,

Hamjambo? Kulikoni? Nimeandika, kimya. Nimemuuliza dada kwa simu, ananiambia umenuna na duara umelibandua. Kama nimekuudhi kwa kicheko, niwie radhi. Lakini kununa hakutaokoa chumba, na mkutano u karibu. Ndoo mnayo?

Shemeji yako


31 Machi

Kwa shemeji yangu,

Salamu. Sisi ni wazima wa mwili.

Ni kweli nilinuna. Kisha nikamwita Wakili, nikamwambia aseme lile neno lake, naye akasema kama ulivyosema wewe, hata mfano wake ulikuwa wa chakula. Ndoo tuliichukua kwa mpishi wa shule. Watoto walifanya kazi kwa bidii, walimfuata mmoja mpaka kwa kinyozi. Wenyewe walizozana kama jibu la mtu anayecheka lihesabiwe au lisihesabiwe. Kwa kweli walinifurahisha mno.

Jana waliniletea grafu, lakini ilikuwa imekunjwa, na hakuna aliyetaka kuikunjua. Mwishowe Wakili akaikunjua. Ilikuwa na nguzo nne. "Vitabu ni vya zamani", fupi. "Sina muda", fupi. "Sijui kama kipo", ya wastani. Na moja iliyozipita zote, iliyokaribia kutoka nje ya karatasi: "Namwogopa mwalimu."

Kumbe wanasoma, shemeji. Wanaazimana vitabu na kwenda kujibana chini ya ngazi, wasije wakasimamishwa mbele yangu. Miaka yote nimedhani nawajenga. Imeniuma, sikufichi.

Mkutano ni Ijumaa ijayo. Nimewaza hivi: nguzo ile tuiandike "Sababu nyinginezo". Si uongo. Hata ninyi watu wa takwimu mna kisanduku cha mengineyo. Nipe ruhusa yako nilale. Na dada yako asijue.

Shemeji yako,
Mwalimu


4 Aprili

Shemeji yangu,

Pole. Nakuombea uzima wa mwili na wa moyo pia. Leo sitakutania.

Ruhusa sina ya kukupa, wala hakuna askari atakayekukamata. Lakini mengineyo ni kikapu cha vitu vidogovidogo. Nguzo ndefu kuliko zote haiingii humo. Tena watoto waliochora watakuwa wameketi ukumbini. Ukiibadilisha, watajifunza kwamba hesabu husemwa ikimpendeza mkubwa. Hawatalisahau somo hilo.

Na umeisoma haraka kwa sababu imekuuma. Isome tena. Hakuna aliyesema kusoma kunachosha. Hakuna aliyesema chumba ni kibaya. Mwalimu mkuu anadai watoto hawataki kusoma, na grafu yako inamkatalia. Kinachowazuia si ukuta wala rafu. Kina miguu, kinaweza kusogea.

Nilipokuja kuishi kwenu nikiwa mdogo, nami nilikuogopa. Kisha nikakuzoea. Wao hawajapata nafasi hiyo.

Dada hajui. Ila anajua, unamfahamu.

Shemeji yako


14 Aprili

Kwa shemeji yangu wa pekee,

Salamu tele. Hatujambo, hatujambo tena. Dada yako alikuwa anajua tangu mwanzo.

Ukumbi ulijaa. Nilimwachia Wakili aeleze. Alieleza ndoo, alieleza kwa nini duara letu la kijani halikufaa, akafika kwenye nguzo ndefu, akanitazama. Nikamwambia, "Soma, mwanangu." Akasoma. Watu walicheka. Mzazi mmoja akasimama akasema, "Mimi alinifundisha jiografia. Mpaka leo nikimwona sokoni nabadili njia." Wakacheka upya, na mwalimu mkuu akavua miwani ajifute macho.

Kisha akauliza, "Watoto, mnapendekeza nini?" Wakili akasema chumba kibaki muhula mmoja, ufunguo wakae nao wanafunzi, kisha wavute tena majina kwenye ndoo waone kama nguzo imepungua. Mwalimu mkuu akakubali. Nikauliza, na mimi je? Wakili akanijibu kwa adabu zote, "Karibu sana, Mwalimu, lakini uje kama msomaji."

Siku tatu sikuthubutu. Leo mapumzikoni nimekwenda na kitabu changu kwapani. Nimesimama mlangoni, shemeji, na kiti hakuna. Wako sakafuni, wako madirishani, wananong'ona, na mmoja anacheka peke yake. Nilikuwa nageuka niondoke, mtoto wa kidato cha kwanza nisiyemjua hata jina akanitazama. Nikajua atakimbia. Akasogea, akanipa nusu ya benchi. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Nakuandikia humuhumu, bega kwa bega naye. Kengele ya kurudi darasani imelia sasa hivi na hakuna aliyeinuka. Ni wajibu wangu kuwafukuza. Nimejitia hamnazo.

Shemeji yako,
Msomaji