Mizigo Iliyosimama

Dada yangu Tatu,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kunyamaza tangu masika. Barua zako mbili zilifika salama. Kosa ni langu, si la posta. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi ni mzima, ila macho yamechoka, na baridi ya huku haina adabu.

Nimeelewa unachotaka. Lori la kuwahamishia kijiji cha Ujamaa liko karibu kuja, nawe huwezi kuiacha nyumba yetu ya Igalula, kwa kuwa Baba alitokea mlango huo kwenda kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani, asirudi. Unataka mimi, mwanawe wa kiume pekee, niseme kwamba amekufa, asomewe hitima, ndipo uondoke.

Nilikwisha shika kalamu nikuandikie "ndiyo". Likatokea jambo.

Kazi yangu hapa chuoni ni kutunza hadubini. Ndani ya chembe hai, iliyo ndogo kuliko vumbi la unga, mna ngozi laini kama utando wa maziwa. Protini hushikana juu yake kama ukili wa kapu, zikaikunja hata ikawa kifuko; kifuko kikakatika, kikawa mzigo. Mizigo hiyo hufuata nyuzi, ambazo nazo ni protini, mmoja nyuma ya mwingine, kama wapagazi wa zamani waliotoka Unyanyembe kwenda pwani. Lakini mpagazi mwenyewe hatujamwona. Twaona mzigo tu, unakwenda. Profesa anasema lazima yupo.

Asubuhi moja nilisahau kipande cha kioo chenye chembe hizo dirishani, dirisha li wazi. Nilipotazama, mizigo yote ilikuwa imesimama, kila mmoja pale ulipofika. Dada, nilihisi mtu nyuma yangu. Nikasema "Inna lillahi," nikanyanyua kioo nikitupe.

Binti Kabula, mwanafunzi wetu kutoka Kaliua, akanishika mkono. "Babu, ngoja! Watu wa Igalula mna haraka ya wali wa matanga!"

"Zimekufa," nikamwambia.

"Nani kakwambia? Baridi imezivunja nyuzi tu, njia hakuna; joto huzirudisha. Unazika wazima?"

Akakiweka kioo penye joto. Kwanza halikutokea kitu. Kisha mzigo mmoja ukajongea, wa pili ukafuata, nisimwone aubebaye.

Miaka naijua kuhesabu, na mtu si chembe. Hata hivyo kalamu imekataa, na sababu ninayo. Siku Baba alipoondoka, Mama alikataza ua usifagiwe, nyayo zake zisifutike. Ukafagiwa, nawe ukapigwa. Ni mimi niliyefagia. Nilinyamaza mpaka leo. Mkono uliofuta nyayo zake ndio unaotakiwa sasa uandike kwamba hatarudi.

Nisalimie shemeji fundi cherehani wa Gongoni, na binti wa mama mdogo anayekutazama.

Lori likitangulia barua yangu ijayo, panda. Usibishane na watu. Hitima isisomwe kwanza. Nikishaamua, nitakuandikia.

Nduguyo,
Ramadhani