Dada Vene, Haukuwa Mwiba

Dada Vene, shikamoo.

Najua ungecheka. Mvi zimeanza kunitoka pembeni mwa masikio, na wewe umebaki na miaka yako kumi na minane. Kwa hesabu hiyo ungeniamkia wewe. Lakini mimi ni mdogo wako na nitakufa nikiwa mdogo wako, kwa hiyo itikia tu.

Hujui kazi ninayofanya. Niko maabara ya mifugo hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ubongo. Mbuzi aliyekuwa akizunguka palepale mpaka akaanguka, ng'ombe aliyegonga ukuta kwa kichwa siku nzima, mbwa aliyeuma watu: vichwa vyao huletwa kwangu nami navifungua. Nikiulizwa kwenye harusi nafanya kazi gani, nasema niko serikalini, basi. Nikisema ukweli hakuna atakayepokea sahani mkononi mwangu.

Jumanne alikuja baba mmoja kutoka kwetu Ukerewe na kasha la samaki lililojaa barafu. Ndani yake, badala ya sangara, kulikuwa na kichwa cha mbwa kwenye mfuko wa nailoni. Mbwa huyo alimuuma binti yake Jumapili. Yule baba alikuwa ameosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akampeleka mtoto kuchomwa sindano, ndipo akapanda meli kuniletea kichwa. Nilimuuliza nani alimfundisha kufanya yote hayo. Akasema, "Hakuna aliyenifundisha. Mtoto mwenyewe kasema kaumwa na mbwa. Akishasema, mimi nikae?" Nilipomaliza kazi nikamwambia mbwa alikuwa na kichaa. Akashukuru Mungu kwamba sindano zimeshaanza, kisha akaomba kasha lake, ana samaki wa kupeleka sokoni. Mimi nikaingia stoo, nikajifungia, nikalia kama mtoto.

Mtoto mwenyewe kasema. Wewe hukusema kwa sababu mimi nilikukataza.

Unamkumbuka Askari. Ulimpa jina hilo wewe, kwa kuwa tulimweka alinde dagaa tulizoanika mchangani, naye akawa anazilinda huku anazila. Ulikuwa unamfukuza kwa ndala moja mkononi, nyingine mguuni, unapiga kelele ufukwe mzima unasikia. "Deo! Njoo umkamate huyu fisadi wako!" Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na mbwa yule alikuwa wangu. Nilimlea tangu hajafungua macho, kwa uji niliokuwa nauiba jikoni. Baba alishasema siku Askari atakapouma mtu ndiyo siku yake ya mwisho, na baba hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Halafu wiki ile akabadilika. Alikuwa analala chini ya ghala, hatoki. Sauti yake ikawa nyingine, kama amekabwa. Mate yalikuwa yanamtoka na taya limelegea, nami nikadhani amekwamwa na mfupa. Asubuhi ya siku yenyewe alinijia akaniegemezea kichwa gotini, kisha akaondoka akiyumba. Wewe ulikuwa umeinama unageuza dagaa. Hukumfukuza, hukumgusa. Alikuja tu akakuuma kiganjani na kuendelea na safari yake, hata hakubweka.

Jeraha lilikuwa dogo. Matone machache ya damu, ukayafuta kwenye khanga. Nikakushika mkono nikakuomba. Nilisema sema ni mwiba, dada, sema umechomwa na mwiba wa uzio, baba atamuua. Ulinitazama, ukasonya. "Haya, mwiba. Lakini utanitekea maji wiki nzima." Niliteka siku nne nikachoka, na wewe hukunidai.

Askari alikufa siku ya tatu. Nilimfukia mchangani peke yangu, nikawaambia nyumbani ametoroka na mtumbwi wa wavuvi. Walicheka. Nikajiona mjanja sana.

Ilipita miezi miwili. Kidonda kilishapona, hata kovu lilikuwa la kutafuta. Ndipo ukaanza kujikuna kiganja. Ulisema kinawasha kwa ndani. Siku ya pili homa, siku ya tatu mama alikupa kikombe cha maji na koo lako likakataa. Ulirusha kikombe, mwili wote ukakakamaa, ukatoa sauti ambayo sitaiandika hapa. Kisha ikapita, ukamwomba mama msamaha kwa kikombe kilichovunjika.

Hicho ndicho kinachoniumiza mpaka leo, kwamba ulikuwa unajua. Waliokuja kukuombea walisema kuna mwingine ameingia ndani yako, wakapaza sauti kuzungumza na huyo mwingine, nawe ukawa unawajibu kwa adabu kwamba ni wewe, Veneranda, na unaomba wafunge dirisha kwa sababu upepo unakukaba. Hawakusikia. Baba akaamua uletwe Mwanza.

Safari ile ya meli kutoka Nansio simtakii adui yangu. Pande zote maji. Mama alikufunika uso kwa khanga ili usiyaone, lakini uliyasikia yakipiga ubavuni, na kila upepo ulipopenya ulikakamaa. Wanaume watatu walikushikilia. Abiria walihamia upande wa pili, wengine wakitazama, wengine wakifunika macho ya watoto wao. Katikati ya safari ulitulia kidogo, ukauliza kwa sauti yako ya kawaida kama mimi nimekula. Nilikuwa nimekula, dada. Nilikuwa nimekula mihogo miwili na chai.

Hospitali, daktari alimuuliza mama kama uliumwa na mbwa. Mama akasema hapana. Akakuuliza wewe. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Ulinitazama mimi, si yeye, ukasema, "Mwiba." Ningeweza kusema neno moja tu, nami nikaangalia sakafu. Ulikufa kesho yake, saa nne asubuhi.

Nikueleze sasa kilichokutokea, maana hakuna aliyekueleza. Ugonjwa haukupita kwenye damu. Uliingia kwenye mshipa wa fahamu pale kiganjani, ukapanda taratibu, kiwiko, bega, shingo. Wiki zote hizo ulikuwa unaanika dagaa, unaimba kwaya, unanigombeza, na hakuna kilichokuuma. Hizo ndizo wiki ambazo sindano ingeuwahi njiani. Ulipofika nyuma ya kichwa, kwenye shina la ubongo panapoamuru kumeza na kupumua, dawa zote zilikuwa zimeshachelewa. Neno ulilolificha hospitali halikukuua. Lililokuua ni lile nililolificha mimi siku ya kwanza. Hukuwa unaogopa maji kama mtu anavyoogopa nyoka. Koo na kifua vilikuwa vinafungwa na amri isiyo yako, na akili yako ikajifunza kuogopa kikombe kwa sababu ilijua kinachofuata. Sehemu ya juu, ile inayojua jina lake na mama yake, ilikaa macho karibu mpaka mwisho. Hakuna mwingine aliyeingia. Ulikuwa wewe, kama ulivyowaambia.

Ubongo wa mbwa mwenye kichaa, nikiupasua, kwa macho hauna kitu. Ni msafi, hauna jipu wala damu. Mpaka niupake dawa na kuuweka chini ya hadubini, ndipo vidoa vya kijani vinapowaka. Na vinawaka kwenye shina lilelile, sehemu ileile anayoitumia mtu kumeza. Askari naye koo lilikuwa limemkataa. Wasomi wakubwa kuliko mimi wanabishana mbwa anajua nini kuhusu anachokifanya, na mimi siwezi kuwaamulia. Ninachokijua ni kwamba asubuhi ile alitafuta goti langu. Nilimchukia miaka mingi, kwa sababu kumchukia yeye kulikuwa rahisi.

Lakini barua hii nisingeiandika kama mambo yangeishia kwako.

Daktari alimwambia mama kwamba inaelekea ni kichaa cha mbwa. Mama alirudi na habari hiyo nyumbani, wazee wakakaa, wakauliza, mbwa yupi? Hakuna mbwa aliyeuma mtu. Waliniuliza hata mimi, mwenye mbwa, nikasema Askari alitoroka mzima. Basi wakatafuta kwingine. Hawakwenda mbali. Bibi Pelagia, jirani yetu, aligombana na mama mwaka huo kuhusu mahali pa kuanika dagaa. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, anaongea peke yake akipalilia mihogo. Ilitosha. Mtu akakumbuka kwamba uliwahi kupita shambani kwake. Mwingine akasema mwiba ule haukuwa wa kawaida.

Mwiba, dada. Mwiba wangu niliouzua mwenyewe ndio waliomsomea kama mashtaka.

Waliichoma nyumba yake mchana kweupe, wiki moja baada ya kukuzika. Nilikuwa uani nimeshika kikombe cha uji, moshi ukapita juu ya paa letu. Yeye alitoka na mkeka na sufuria moja, akapita mbele ya mlango wetu bila kugeuka. Mama alitema mate. Mimi nilimaliza uji.

Baba amekufa akiamini hivyo. Mama bado anaamini, na kila mwaka kwenye misa yako anataja adui aliyekuchukua, nami nasema amina pamoja na wengine. Sina kisingizio cha utoto tena. Tangu mwaka wa kwanza chuoni, mwalimu alipochora njia ya ugonjwa ule ubaoni, nilijua kila kitu. Nimekuwa mtu mzima mwoga kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa mtoto mwoga.

Juzi Alhamisi nilivuka kwenda Kamanga, ng'ambo ya ghuba, kumtafuta Bibi Pelagia. Niliambiwa anaishi kwa binti yake karibu na gati, na kweli nilimkuta amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo. Macho yamefifia, mikono bado ina nguvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Mimi Deo, bibi. Mdogo wake Veneranda."

Kisu kilisimama. Akaniambia nivute kigoda. Nilimweleza yote. Askari, mwiba, daktari, uji. Sikupunguza kitu. Nilitegemea anifukuze, anilaani, hata anipige na ule muhogo, na kusema kweli ningeshukuru. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Miaka yote hii nilikuwa nadhani wanaojua kwamba sikumroga yule mtoto ni mimi na Mungu tu. Kumbe tulikuwa watatu."

Sikupata msamaha, na sikuthubutu kuuomba. Nilipoaga alinishika mkono, akanipapasa kiganja kama anatafuta kitu. "Mama yako yu hai?" Nikasema yu hai. "Basi usije tena kwangu kabla hujaenda kwake."

Kwa hiyo kesho napanda meli kwenda Nansio. Barua hii nimeiandika wazi ili isomwe na yeyote, lakini wa kwanza kuisikia atakuwa mama. Macho yake hayasomi tena, nitamsomea mimi. Naogopa, dada. Ana mtoto mmoja tu aliyebaki, na nikifika ukurasa wa pili huenda asiwe naye. Na akishamaliza kulia, kama atanivumilia, nitamwomba avuke nami Kamanga, aende akamwamkie Bibi Pelagia kwa mdomo uleule uliotema mate.

Ulininyamazia mpaka kwenye kitanda cha kufa, na nimekaa ndani ya ukimya wako kama nyumba niliyojengewa. Nilidhani ulikuwa upendo, na ulikuwa. Lakini kulikuwa na bibi mmoja nje, hana nyumba.

Pumzika, Vene. Naanza kusema.

Mdogo wako, mwenye mbwa,
Deo